Sura ya Sita: Baruti Moja, Bunduki Mbili

"Nina bunduki mbili, ya .223 na ya .308. Je, kopo moja la baruti litanitosha kwa zote mbili, au ni lazima ninunue mawili?"

Anayeuliza hivi huwa ameshanunua mashine ya kujazia risasi, ameshaokota maganda yake uwanjani, na sasa amesimama dukani mbele ya rafu iliyojaa makopo ya baruti, kila moja na namba yake. Duka lenyewe liko Marekani, kwa sababu huko ndiko kazi hii ilikoota mizizi. Sheria ya taifa hilo inamruhusu mtu mwenye bunduki halali kujijazia risasi za matumizi yake mwenyewe bila leseni ya kiwanda, na wawindaji na walenga shabaha wengi wanafanya hivyo. Baadhi yao wanatafuta unafuu wa bei. Baadhi wanatafuta risasi inayotua palepale kila mara. Tangu uhaba ulioanza mwaka 2020, baruti na fataki zilipokuwa adimu madukani, swali limezidi kuulizwa: ukibahatika kukuta kopo, unataka liwe la baruti itakayokufaa kwa bunduki zote ulizo nazo.

Jibu fupi kwa .223 na .308 ni ndiyo, na ziko baruti kadhaa zinazofaa. Sababu yake, hata hivyo, siyo ile inayodhaniwa na wengi. Risasi hizi mbili hazifanani hata kidogo kwa ukubwa: .308 inabeba baruti karibu mara mbili ya .223. Kwa upande mwingine iko .243, ambayo ni ganda lilelile la .308 lililobanwa shingo, na hizo mbili, pamoja na undugu wote huo, zinapenda baruti tofauti. Sura hii inaeleza kwa nini, na inakupa njia ya kuamua kwa jozi yoyote ya bunduki uliyo nayo.

Ndani ya risasi moja

Kwa Kiswahili cha kila siku tunaita kitu chote "risasi". Anayejaza risasi anahitaji kutenganisha vipande vyake vinne:

- Ganda: kikopo cha shaba kinachoshikilia vingine vyote. Hiki ndicho kinachookotwa na kutumika tena.
- Fataki: kidonge kidogo kitakoni mwa ganda. Kikigongwa, kinatoa cheche.
- Baruti: punje zinazoungua na kutoa gesi.
- Kichwa: kipande kinachoruka na kufika kwenye shabaha.

Kujaza risasi upya ni kulirudishia ganda umbo lake, kupachika fataki mpya, kumimina baruti iliyopimwa na kukaza kichwa kipya mdomoni. Baruti hupimwa kwa greni, kipimo cha zamani sana. Pauni moja, yaani karibu gramu 454, ni greni 7,000.

Namba kama .308 ni kipenyo cha kichwa kwa inchi, sawa na milimita 7.8. Mara nyingine jina linakwepa ukweli kidogo: kichwa cha .223 kina kipenyo cha inchi .224, na cha .270 ni inchi .277. Kwa hiyo tutapima kwa milimita na kuyaacha majina yabaki majina.

Baruti huungua, hailipuki

Baruti ya magobore, ile nyeusi, ni mchanganyiko wa makaa, salfa na shura. Mwaka 1884 mkemia Mfaransa, Paul Vieille, alitengeneza baruti isiyofuka moshi mzito, na miaka miwili baadaye jeshi la Ufaransa likapata bunduki ya Lebel iliyoitumia. Kiini cha baruti hiyo ni nitroselulosi, yaani nyuzi za pamba au za mti zilizotiwa asidi mpaka zikawa kitu kinachoungua kwa nguvu nyingi. Makopo yote ya rafu yetu ni vizazi vya uvumbuzi huo. Baadhi ya baruti zimeongezewa nitrogliserini ili zitoe nguvu zaidi kwa uzito uleule.

Ikiwa ndani ya bunduki, baruti hii hailipuki kwa mpigo mmoja. Huungua kuanzia nje kwenda ndani, punje kwa punje. Yeyote aliyewahi kuwasha moto wa kuni anajua tofauti ya vijiti na gogo: uzito ni uleule, lakini vijiti huisha mara moja kwa moto mkali, na gogo hudumu. Watengenezaji wa baruti wanatumia kanuni hiyohiyo. Punje ndogo huungua upesi, punje nene huungua taratibu. Punje nyingi za bunduki ndefu zina umbo la kijiti chenye tundu katikati, na zimepakwa dawa ya kuchelewesha moto, ili gesi isitoke yote mwanzoni.

Kuna jambo moja zaidi ambalo kuni hazina. Baruti ikibanwa, huungua kwa kasi zaidi. Gesi ikiongezeka, shinikizo linapanda. Shinikizo, yaani nguvu ya gesi inayosukuma kila upande, likipanda, baruti iliyobaki inaungua haraka zaidi na kutoa gesi zaidi. Mduara huo unavunjwa na kitu kimoja tu: kichwa kinachokimbia mbele na kuacha nafasi nyuma yake.

Hayo yote yanatokea katika milisekunde moja au mbili, na milisekunde ni sehemu ya elfu ya sekunde. Kiwango cha juu cha shinikizo kinachokubaliwa kwa .308 na SAAMI, taasisi ya watengenezaji wa silaha na risasi wa Marekani, ni pauni 62,000 kwa kila inchi ya mraba. Hiyo ni zaidi ya mara 4,000 ya shinikizo la hewa tunayovuta. Chumba kinachobeba nguvu hiyo kiko sentimita chache kutoka usoni mwa mpigaji.

*Kwa ufupi: tunaposema baruti ni "ya kasi" au "ya taratibu", tunazungumzia jinsi inavyoungua, wala si jinsi risasi inavyoruka. Kazi ya kuchagua ni kulinganisha kasi hiyo na kasi ambayo kichwa kinapata nafasi ya kukimbia.*

Jaribio la maji

Sasa tuje kwenye kiini cha swali. Chukua ganda la .308 lenye fataki iliyokwisha kupigwa, ulijaze maji mpaka mdomoni. Litachukua takriban sentimita za ujazo 3.6. Fikiria kwamba maji hayo unayamimina kwenye bomba lenye upana sawasawa na tundu la mtutu wa .308. Yatafika kimo gani? Karibu milimita 75.

Fanya hivyo kwa .223. Ganda lake ni dogo, linachukua maji kama nusu tu ya yale ya .308. Lakini bomba lake nalo ni jembamba. Maji yatafika karibu milimita 73.

Hiyo ndiyo siri ya jozi hii. Ukubwa wa tumbo na upana wa koo vimepungua kwa pamoja, na uwiano umebaki palepale. Baruti haisomi jina lililochongwa kwenye mtutu. Inachokutana nacho ni nafasi iliyomo, upana wa njia ya kutokea na uzito wa kitu kilichoiziba. Kwa mambo mawili ya kwanza, .223 na .308 kwake ni karibu kitu kimoja.

Hivi ndivyo vimo vya risasi kadhaa zinazojazwa sana Marekani. Ni makadirio, kwa sababu maganda ya viwanda tofauti hutofautiana unene:

- .223 Remington: milimita 73
- .308 Winchester: milimita 75
- .30-06 Springfield: milimita 92
- 6.5 Creedmoor: milimita 96
- .270 Winchester: milimita 112
- .243 Winchester: milimita 117
- .300 Winchester Magnum: milimita 124

Kanuni ni hii: kimo kikiwa kirefu, tumbo ni kubwa kuliko koo. Gesi nyingi inalazimika kupita njia nyembamba, shinikizo hupanda upesi, kwa hiyo risasi inataka baruti ya taratibu. Kimo kikiwa kifupi, njia ni pana kwa kulinganisha na tumbo. Kichwa kinapata nafasi haraka, na baruti lazima iungue upesi ili ikifuate.

Tazama tena .243 na .308 kwenye orodha. Zimetoka kwenye ganda moja: .308 ilitolewa mwaka 1952, na .243 ikafuata mwaka 1955 kwa kubana shingo ya ganda hilo. Tumbo limebaki karibu lilelile, koo limepungua sana. Ndiyo maana vimo vyao viko mbali, milimita 75 na 117. Anayenunua baruti kwa kufuata undugu wa maganda atakosea hapa.

Uzito wa kichwa

Kimo cha maji kinakupeleka kwenye kundi sahihi la baruti. Kuchagua ndani ya kundi hilo kunategemea uzito wa kichwa.

Kichwa kizito kinasita kuondoka. Kinachelewa kuacha nafasi, shinikizo linapanda mapema, na baruti ya taratibu zaidi inafaa. Kichwa chepesi kinatoka upesi na kuruhusu baruti ya kasi zaidi. Bunduki moja ya .223 inaweza kupiga kichwa cha greni 40 kwa wanyama wadogo waharibifu na cha greni 77 kwa mashindano ya shabaha za mbali. Hizo ni kazi mbili tofauti, hata kama ganda ni moja.

Kwa hiyo swali la "baruti moja kwa bunduki mbili" halijakamilika mpaka useme utapiga vichwa gani. Hapo ndipo pa kurekebisha mambo. Huwezi kubadilisha tumbo la ganda wala upana wa mtutu, lakini uzito wa kichwa unauchagua mwenyewe. Jozi zinazogombana zinaweza kupatanishwa kwa kuchukua kichwa kizito katika bunduki moja na chepesi katika nyingine.

Bunduki nayo ina sauti

Kuna bunduki ambazo zina masharti yao. Mfano unaojulikana sana ni M1 Garand, bunduki iliyopokelewa na jeshi la Marekani mwaka 1936, ambayo raia wengi wa nchi hiyo wanaimiliki hadi leo. Inapiga .30-06. Inajipakia yenyewe kwa kuchota gesi karibu na mdomo wa mtutu na kusukuma fimbo ndefu ya chuma inayofungua komeo.

Baruti ya taratibu sana huacha shinikizo kubwa pale mdomoni, mahali gesi inapochotwa. Fimbo inasukumwa kwa nguvu kuliko ilivyokusudiwa, na inaweza kupinda. Kwa bunduki ya komeo la kuvuta kwa mkono, .30-06 inaipokea vizuri sana baruti ya kundi la 4350, yaani baruti zenye namba hiyo kwenye kopo. Kwa Garand wajazaji hubaki kwenye kundi la kasi zaidi la 4895, ambalo ndilo lililotumika kwenye risasi za bunduki hiyo wakati wa Vita Kuu ya Pili.

*Kwa ufupi: ganda na mtutu vinakuonyesha kundi la baruti, kichwa kinakuonyesha mahali ndani ya kundi hilo, na bunduki yenyewe inaweza kuweka kizuizi cha mwisho.*

Jozi nne, majibu manne

*.223 na .308.* Hii ndiyo jozi rahisi. Baruti iitwayo Varget, inayouzwa na kampuni ya Hodgdon na kutengenezwa Australia, imekuwa jibu la kawaida, hasa kwa vichwa vya greni 69 hadi 77 kwenye .223 na vya greni 150 hadi 175 kwenye .308. Kundi la 4895 nalo linazifaa zote mbili. Anayetaka punje za mviringo zinazotiririka kwa urahisi ana Winchester 748, Ramshot TAC na CFE 223.

*.270 na .30-06.* Hapa pana tofauti ya wastani, milimita 112 na 92. Ganda la .270, lililotolewa mwaka 1925, lilitokana na ukoo wa .30-06. Wenye .270 wamezoea kusifu baruti ya taratibu ya H4831. Wenye .30-06 wanapenda iliyo kasi kidogo. Kundi la 4350 linakaa katikati, na linafanya kazi nzuri kwenye bunduki zote mbili kwa vichwa vya kawaida vya uwindaji. Kundi hilohilo ndilo maarufu kwa 6.5 Creedmoor, risasi iliyotolewa na Hornady mwaka 2007, na kimo chake cha milimita 96 kinaeleza kwa nini.

*.243 na .308.* Inawezekana, lakini kwa masharti. Ukipiga vichwa vyepesi kwenye .243, Varget au 4895 zinafaa kwa zote mbili. Ukitaka kichwa cha greni 100 kwa ajili ya paa, .243 itakuwa na raha zaidi na 4350, baruti ambayo kwenye .308 hujaza ganda kabla ya kufikia mwendo unaotarajiwa. Mwenye jozi hii aamue kwanza anawinda nini.

*.223 na .300 Winchester Magnum.* Usihangaike. Milimita 73 na 124 ni mbali mno. Nunua makopo mawili.

Ukikosea, kosea upande upi?

Umepata baruti mbili, zote mbili zimeandikwa kwenye kitabu cha vipimo kwa bunduki zako zote. Moja ni ya kasi kidogo, nyingine ya taratibu kidogo. Utachukua ipi?

Hasara za pande hizi mbili hazilingani. Baruti ya kasi kuliko inavyofaa hufikisha shinikizo kwenye kikomo mapema. Nafasi ya kosa inakuwa ndogo: greni chache za ziada zinaweza kukuvusha mpaka. Tena inachukua sehemu ndogo ya ganda, na ganda lililojaa nusu linaweza kupokea mara mbili kwa bahati mbaya bila macho kugundua. Baruti ya taratibu kidogo kuliko inavyofaa hujaza ganda. Unapoteza mwendo fulani, pengine mtutu unachafuka zaidi, lakini ukimimina mara mbili baruti itamwagika mezani na kukuonya.

Kwa sababu hiyo, bunduki ikiwa ya komeo la mkono, wajazaji wengi hupendelea ile ya taratibu. Hilo lina mpaka wake. Kiasi kidogo cha baruti ya taratibu sana kwenye ganda kubwa nacho ni hatari, na vitabu vya vipimo vinaonya kuhusu kwenda chini ya kiwango cha kuanzia kwa baruti za aina hiyo. "Kidogo ni salama" haina ukweli hapa. Salama ni kilichoandikwa.

Kile ambacho jedwali la kasi halisemi

Kila duka lina jedwali linalopanga baruti kuanzia ya kasi hadi ya taratibu. Ni zuri kwa kupata picha, lakini ni orodha ya nafasi tu. Halikuambii ya kumi na ya kumi na moja zimeachana kwa kiasi gani, na halikuambii kiasi cha kumimina. Hakuna anayeruhusiwa kusema, "Hizi zinafuatana, basi kipimo ni kilekile."

Mtego mkubwa zaidi ni majina. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Bruce Hodgdon wa Kansas alinunua baruti ya ziada ya serikali na kuiuza kwa wajazaji. Ilikuwamo 4895 ya risasi za .30-06 na 4831 ya mizinga midogo ya milimita 20. Namba hizo zilikuwa za kampuni ya Du Pont. Akiba ya kijeshi ilipoisha, Hodgdon alitengenezesha mpya na kuiita H4831. Baadaye Du Pont nayo ikatoa IMR 4831, na hiyo ni ya kasi zaidi kuliko H4831. Leo majina yote mawili yako chini ya kampuni moja, yana namba moja, na ni baruti mbili. Kipimo cha juu cha H4831 ukikimimina kwa kutumia IMR 4831, umevuka mpaka. Soma herufi kabla ya namba.

Mezani

Baruti inaweza kushinda mtihani wote wa hesabu ikakushinda mezani. Varget ni punje za vijiti. Ukivuta mkono wa kipimio, kile chombo kinachochota baruti kwa ujazo badala ya uzito, unausikia ukikwama kidogo na kufanya "krak": punje imekatwa katikati na ukingo wa chuma. Baruti iliyoshuka inaweza kuzidi au kupungua sehemu ya greni. Kwenye .308 tofauti hiyo si kubwa. Kwenye .223, yenye tumbo nusu, athari yake ni mara mbili. Tena vijiti hupenda kupandana kwenye shingo ya faneli inayoingia kwenye mdomo mwembamba wa .223, vikaziba, kisha vikashuka vyote kwenye ganda linalofuata. Kwa hiyo wanaotumia vijiti kwenye .223 hugonga faneli kwa kidole na kutazama ndani ya kila ganda kwa tochi kabla ya kukaza kichwa. Anayejaza mamia ya risasi kwa siku moja atafurahia zaidi punje za mviringo, zinazotiririka kama maji.

Jambo la pili ni joto. Baruti yenye joto huungua haraka zaidi, na shinikizo hupanda. Hili waliokuja kuwinda Afrika Mashariki na India walilijua mapema. Kodaiti, baruti ya Waingereza ya mwaka 1889 iliyokuwa na nitrogliserini nyingi, ilikuwa ikibadilika sana kwenye jua kali, na ganda lililonasa ndani ya bunduki mbele ya tembo ni balaa. Ndiyo maana risasi kubwa za Kiingereza za wakati huo, zikiwemo .470 Nitro Express na .416 Rigby ya mwaka 1911, zilipewa maganda makubwa ili shinikizo libaki chini. Baruti za kisasa kama Varget na H4350 zimetengenezwa zisiyumbishwe sana na joto, wakati baruti nyingi za punje za mviringo bado zinayumba zaidi. Anayejaza risasi wakati wa baridi ya Montana na kuzipiga kwenye kiangazi cha Arizona, au kuziacha ndani ya gari juani, alitie hilo kwenye hesabu.

Kanuni ambazo hazina mjadala

1. Tumia kitabu cha vipimo kilichochapishwa na mtengenezaji wa baruti au wa vichwa. Baruti iwe imeandikwa kwa kila risasi kati ya zako mbili, na kwa uzito wa kichwa chako. Isipoandikwa, hiyo si baruti yako.
2. Anza na kiwango cha kuanzia, kisha panda kidogo kidogo. Fanya hivyo upya kwa kila bunduki. Baruti kuwa moja hakufanyi kipimo kuwa kimoja.
3. Kopo moja tu mezani. Usichanganye baruti mbili kamwe, na usirudishe baruti kwenye kopo usilo na uhakika nalo.
4. Acha baruti ndani ya kopo lake la asili. Kwa kawaida kanuni za moto za Marekani zinaruhusu hadi pauni 20 nyumbani kwa namna hiyo, na miji mingine ina masharti makali zaidi.
5. Komeo likiwa zito kufungua, au fataki ikitoka imebapaa na ganda lina alama ya chuma kitakoni, simama. Hizo ni dalili za shinikizo kuzidi.
6. Andika kila kitu: baruti, namba ya toleo la kopo, greni, kichwa, fataki, joto la siku. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na hapa kinachoweza kupotea ni jicho.

Kwa wasomaji wa Tanzania, Kenya na kwingineko ambako silaha na risasi ziko chini ya leseni kali, sura hii ni ya kuelewa jinsi risasi inavyofanya kazi. Sheria za Marekani hazivuki mpaka pamoja na mtu.

Je, unaokoa nini hasa?

Pauni moja ya baruti ina greni 7,000. Tuseme, kwa ajili ya hesabu tu na si kama kipimo cha kufuata, .223 inachukua greni 25 na .308 inachukua greni 45. Pauni moja itajaza risasi 280 za kwanza, au 155 za pili. Ukijaza 280 za .223 na 155 za .308, umemaliza pauni mbili, ziwe za baruti moja au za aina mbili. Kutumia baruti moja hakupunguzi hata greni moja ya matumizi.

Akiba iko kwingine. Unaweza kununua kopo kubwa la pauni nane badala ya madogo mawili, na bei kwa kila pauni ikashuka. Kopo hilo lote ni la toleo moja, kwa hiyo hulazimiki kupima upya kila baada ya miezi michache kwa sababu toleo jipya linatofautiana kidogo na la zamani. Hutabaki na nusu kopo la baruti ambayo bunduki iliyouzwa imeiacha yatima. Na pale mezani, ambako makopo mawili yanayofanana yamewahi kuwachanganya watu makini, linabaki moja.

Ukiwa na .223 na .308, faida hizo zote unazipata bila kulipa chochote, nazo zinatosha kuwa sababu ya kununua kopo moja. Ukiwa na .270 na .30-06, unalipa mwendo kidogo ambao mnyama aliye mita 150 hataugundua. Ukiwa na .243 na .308, unalipa kwa kubanwa katika uchaguzi wa vichwa. Jozi yoyote nyingine, ifanyie jaribio la maji kwa kalamu na karatasi, yaani gawanya ujazo wa ganda kwa eneo la tundu la mtutu, kisha ufungue kitabu cha vipimo. Vimo vikikaribiana na kitabu kikakubali, nunua kopo kubwa. Vikiachana, bei ya kopo la pili ni ndogo kuliko ya mtutu mmoja.